Neno Moja Kwenye Karatasi ya Dawa

Nikiwa kidato cha pili nilimtia babu yangu hasara kwa Kiingereza.

Ilikuwa likizo, nyumbani Uru, juu kidogo ya Moshi mjini. Babu alikuwa amenunua dawa ya kahawa ya aina mpya. Miaka yote alizoea mrututu, ule unga wa buluu unaopaka rangi kila kitu hadi kucha. Hii mpya ilikuja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nne, Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama chawa. Akaniita. Mjukuu anayesoma sekondari ndiye msomi wa kihamba, shamba letu la ukoo, na mimi sikuwa na haraka ya kukanusha.

Nikasimama chini ya mgomba nikasoma kwa sauti, ulimi ukiteleza. Nilipofika palipoandikwa "Do not spray unless the leaves are dry", nikatafsiri bila kukwama: usipige dawa majani yakiwa makavu.

"Hebu rudia," babu akasema.

Nikarudia.

"Ajabu. Mrututu tunasubiri umande ukauke ndiyo tupige."

"Babu, ndivyo ilivyoandikwa."

Akanyamaza. Mzee aliyekuwa kwenye kahawa kabla baba yangu hajazaliwa, aliyejua magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani kwa kuangalia mti kutoka barabarani, akanyamaza kwa sababu ilikuwa imeandikwa, tena kwa Kiingereza. Kesho yake alfajiri alibeba bomba mgongoni, majani yakiwa yanachuruzika umande, akapiga shamba zima. Saa tatu asubuhi dawa yote ilikuwa imeshatiririka chini. Bwana shamba alipopita wiki hiyo aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaniangalia mimi, kisha akamwambia babu taratibu kwamba mjukuu amesoma maneno yote isipokuwa moja, "unless": usipige dawa mpaka majani yawe makavu.

Siku hizi nafundisha Kiingereza kidato cha tano na cha sita, hapa hapa Moshi. Nimeshasahihisha maelfu ya majibu ya ufahamu, na kila Julai wanapowasili wapya na masanduku yao ya bati, bado namkumbuka bwana shamba yule.

Wanatoka kila kona ya nchi. Hiyo ndiyo raha ya kidato cha tano cha shule ya serikali: mmoja katoka Masasi, mwingine Kasulu, mwingine amepanda daladala moja tu kutoka Kiborloni. Wengi wangu ni wa michepuo ya HGL na HKL, watu wa historia na lugha, waliofaulu kidato cha nne. Si vijana wazembe. Ukiwauliza kwa nini kifungu cha ufahamu kinawashinda, wanajibu kwa kauli moja: msamiati mgumu. Mwalimu, kifungu kina misamiati.

Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa naandika ubaoni maneno kumi mapya kila kifungu, wananakili, tunaendelea. Halafu siku moja nikaamua kuwauliza wapigie mstari kila neno lililowazuia, na nikakusanya karatasi. Maneno marefu walikuwa wanayajua. "Industrialization" wameimba tangu kidato cha kwanza. "Photosynthesis" hata wa HKL anaijua. Lakini kifungu kilikuwa na sentensi hii: "The old man could hardly walk." Hakuna hata mmoja aliyepigia mstari. Swali likauliza hali ya afya ya mzee. Zaidi ya nusu ya darasa wakajibu kwamba mzee alikuwa na nguvu, anatembea kwa bidii. Si "hard" ni kwa bidii? Basi "hardly" itakuwa kwa bidii zaidi. Kumbe ni kwa shida, nusura asiweze.

Hapo ndipo nilipoona. Neno usilolijua linakupigia kelele, unajua hapa sijaelewa. Hatari iko kwa lile dogo unalodhani unalijua. "Hardly", "unless", "yet", "few" bila "a", "used to", "until". Haya hayamo kwenye orodha za msamiati mgumu kwa sababu ni mepesi, na hakuna anayeyatafuta kwenye kamusi kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ndiyo yanayogeuza sentensi ikatazama nyuma. "Few farmers came" ni malalamiko, mkutano umedoda. "A few farmers came" ni nafuu, angalau wapo waliokuja. Tofauti nzima imekaa kwenye herufi moja, na mwanafunzi ameiruka kama unavyoruka jiwe dogo njiani.

Kuna nyingine iliyonichekesha kisha ikanihuzunisha. "Had he known, he would not have gone." Binti mmoja makini sana, daftari lake limepigwa mistari kwa rula, aliniambia hilo ni swali lililosahauliwa alama ya kuuliza, maana limeanza na "had". Nikamuuliza: kwa Kiswahili utasemaje mtu ambaye hakujua, akaenda, na laiti angejua asingekwenda? Akajibu papo hapo: "Angalijua asingalikwenda." Basi ndiyo hiyo, nikamwambia, ni -ngali- yako imevaa koti. Akaitazama sentensi tena, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kufundisha Kiingereza kana kwamba watoto hawa walizaliwa bila lugha. Kuna mahali Kiswahili chenyewe kinawatega, na ukikionyesha kwa jina lake wanapona haraka. Chukua ngeli. Kwa Kiswahili nikisema mbuzi alikula kamba kwa kuwa alikuwa na njaa, yule a- amekuambia ni mbuzi. Nikisema kwa kuwa ilikuwa laini, i- imekuambia ni kamba. Kazi imefanywa na sarufi, wewe pokea tu. Kiingereza kina "it" moja kwa vyote viwili: "because it was hungry", "because it was soft". Hakuna anayekushika mkono. Lazima usimame uulize, njaa ni ya nani hapa? Mwanafunzi aliyezoea kubebwa na ngeli hajui kwamba anatakiwa kuuliza, anachukua nomino iliyo karibu anaendelea na safari. Sasa kwenye kila kifungu tunachora mishale, kutoka "it" hadi mwenye mali, kutoka "they" hadi wenye mali. Karatasi inaonekana kama ramani ya vita, lakini inafanya kazi.

Na kuna kinyume chake. Kiswahili hakijali jinsia, yeye ni yeye. Kiingereza kinajali. Kifungu kilisimulia daktari aliyefika kijijini usiku, na "she" zilikuwa zimejaa humo kama dagaa. Majibu ya wavulana kwa wasichana yakaja na "he". Hawakusoma herufi ile "s" kwa sababu vichwani mwao daktari alishavaa suruali. Siku hiyo kipindi cha Kiingereza kiliisha kikiwa mjadala wa kitu kingine kabisa, na sikujuta.

Lakini maneno madogo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine nilijionyesha mwenyewe kwa mtego.

Niliandika ubaoni kifungu kifupi cha uongo mtupu, maneno niliyoyabuni wakati nakunywa chai: "Yesterday two blicky drolls sarpled a tunsi near the old grobe. The tunsi was very fendish." Chini nikaweka maswali manne. Nani walisarpo tunsi? Waliisarpo wapi? Lini? Tunsi ilikuwaje? Nikawaambia wana dakika tano, kimya kimya, maksi zinarekodiwa.

Walijibu wote. "The drolls sarpled the tunsi near the old grobe. The tunsi was very fendish." Sentensi kamili, herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni. Watu hamsini na kitu, karibu wote nne kwa nne. Nikawapongeza, nikasema sasa mmoja asimame atueleze tunsi ni nini. Kimya. Mbona mmejibu vizuri hivyo? Kimya. Kisha mvulana wa nyuma, yule wa Kasulu asiyesema mpaka aulizwe, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

Ndivyo. Hawasomi, wanaokota. Swali lina "where", unatafuta "near" au "in" au "at", unakata kipande, unabandika. Ni ufundi, na ufundi huo umewavusha kutoka kidato cha kwanza hadi hapa. Siwalaumu hata kidogo. Mtoto wa Kayumba, shule ya msingi ya serikali, anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa masomo, halafu Januari moja anaamka yuko kidato cha kwanza ambako baiolojia, jiografia, historia na fizikia vyote vimebadilisha lugha usiku mmoja. Wanapewa wiki chache za kujizoeza, kisha gari linaondoka. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungejifunza kuokota. Ungenakili ubaoni, ungekariri, na ungegundua kwamba mtihani unaweza kufaulika bila kuelewa. Hata waliotoka shule za msingi za medium, zinazofundisha kwa Kiingereza, hawajasalimika. Wao wanasoma kwa sauti kama watangazaji wa redio, darasa zima linawaonea wivu, lakini mwambie afunge kitabu aseme amesoma nini, utashangaa. Mimi mwenyewe, si nilisoma ile karatasi ya dawa kwa ulimi unaoteleza?

Tatizo hili si la jana. Tume ya elimu iliyoongozwa na Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kuhamia Kiswahili kuanzia 1985. Haikufanyika. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza shuleni na vyuoni nchini wakakuta kwamba wanafunzi wengi, kwa sehemu kubwa ya maisha yao ya sekondari, hawawezi kupata habari hata kwenye maandishi mepesi. Pamoja na hayo, ushauri wao ukawa kwamba Kiingereza kiendelee kufundishia, ila kiimarishwe. Wanasiasa na maprofesa wameubishania uamuzi huo tangu hapo. Mimi nina mawazo yangu, lakini ubishi huo hautamsaidia mtu anayefanya mtihani Mei ijayo.

Nilichofanya ni kidogo tu, na kilinigombanisha na watu. Niliruhusu Kiswahili.

Utaratibu wangu ni huu. Wanasoma kifungu kimya, kila mtu peke yake. Zamani mmoja alisimama kusoma kwa sauti na wengine walifuatilia, nimeifuta hiyo, maana anayesoma yuko busy na matamshi na wanaofuatilia wanasubiri akosee wacheke. Wakimaliza wanageuza karatasi kifudifudi. Kisha kila mmoja anamgeukia jirani anamweleza kwa Kiswahili kifungu kimesema nini. Bila kuangalia. Hapo darasa linalipuka kama stendi. "Hapana, hakufa, alikaribia kufa." "Wapi? Kimesema amekufa." "Kimesema 'nearly', 'nearly' ni nusura!" Ninapita katikati ya madawati sisemi kitu. Wakishabishana vya kutosha wanaruhusiwa kugeuza karatasi, na hapo sasa wanasoma. Wanasoma kama wakili anayetafuta kifungu cha sheria, kwa sababu kuna heshima inayogombaniwa. Ndipo tunaandika majibu, kwa Kiingereza.

Ubishi ndio ninaoutafuta. Huwezi kubishana juu ya drolls na tunsi. Ukiona watu wawili wanabishana, ujue wote wawili wana picha kichwani, na moja ina kasoro. Kabla ya hapo hawakuwa na picha yoyote, walikuwa na maneno tu.

Mwalimu mmoja mwenzangu alipita dirishani akasikia Kiswahili kikinguruma kwenye kipindi cha Kiingereza, tena mwalimu akiwa amesimama pale pale. Chai ya saa nne ikawa chungu. Akaniuliza wathibiti ubora wakija nitawaambia nini. Nikajibu nitawapa karatasi za majibu wasome. Hakuridhika, na sidhani kama ameridhika mpaka leo. Ninamwelewa. Tumelelewa kwenye dhana kwamba Kiswahili darasani ni magugu, kiking'olewa Kiingereza kitastawi chenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilivaa kibao shingoni, kamba ya katani na kipande cha mbao, kwa kosa la kuomba kalamu kwa Kiswahili. Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akikosea umpe. Nilichojifunza kutokana na kile kibao ni kunyamaza, na kuwa na masikio makali ya umbea. Kiingereza nilikipata kwingine.

Nilikipata kwenye vitabu vya watoto. Na hapa nafika kwenye jambo ambalo vijana wangu hulipokea kwa uchungu kuliko yote.

Watafiti wa usomaji, Hu na Nation, waliandika mwaka 2000 kwamba ili mtu asome hadithi na kuielewa vizuri bila msaada, anahitaji kuwa anajua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Inasikika kama takwimu ya mbali, kwa hiyo ishushe chini. Ukurasa wa maneno 250, asilimia mbili ni maneno matano. Matano tu ndiyo unaruhusiwa usiyajue. Ukifika asilimia kumi ni ishirini na tano, neno geni karibu kila mstari, na hapo husomi tena, unavuka mto kwa kuruka mawe. Niliwapa ukurasa mmoja wa kitabu chao cha historia wapigie mstari wasiyoyajua kwa ukweli, bila aibu. Wengi walipita arobaini kabla ukurasa haujaisha. Na hicho ndicho kitabu wanachokesha nacho prep usiku, kichwa kikianguka mezani.

Kamusi haiwezi kuziba matundu arobaini. Ukitaka kujua inavyopotosha, mwanafunzi aliyesoma "the women sat on the bank and washed their clothes" aliniandikia kwamba wanawake walikaa juu ya benki wakafua. Alikwenda kwenye kamusi, kamusi ikasema benki, akaamini, kumbe hapo ni ukingo wa mto. Sijui aliwaza walipataje maji kule juu.

Kwa hiyo nawaambia: soma kilicho chepesi, na soma kingi. Fungua kitabu, soma ukurasa, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kirudishe, chukua chepesi zaidi. Walipofanya hivyo wengi walijikuta wameshikilia vitabu vya darasa la tano na la sita vyenye picha za sungura. Mtu ana miaka kumi na tisa, ndevu zinachungulia, ameshapiga kura ya kiranja mkuu, unampa sungura! Wiki ya kwanza walikuwa wanavificha ndani ya atlasi. Baadaye mmoja akaja na wazo la kuvifunika vyote kwa gazeti, kama daftari, ili usijue nani anasoma nini. Tatizo likaisha hapo hapo. Sasa kabatini nina vitabu vya magazeti matupu, vinaazimwa kama karanga.

Vinapatikana. Maktaba ya mkoa iko mjini, na Jumamosi wakipata ruhusa ya kwenda mjini wachache hupitia huko kabla ya kwenda kula chipsi. Wauza vitabu vya mitumba wanaotandika kando ya barabara wana vitabu vya watoto ambavyo hakuna anayevigusa, unavipata kwa bei ya soda. Kwenye intaneti nachukua hadithi za African Storybook, zipo bure kwa Kiingereza na nyingi kwa Kiswahili pia, nachapa zile zenye maandishi mengi kiasi. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo karatasi bado ni mfalme. Matokeo hayaji haraka. Muhula wa kwanza huoni kitu. Muhula wa pili unaona mtu amesoma vitabu thelathini vya sungura na fisi, na "hardly" ameikuta mara sitini mahali ambapo haiwezi kumaanisha kitu kingine. Fisi alitembea kwa taabu kwa shibe. Hiyo haisahauliki.

Wapo ambao hawajabadilika. Nina vijana wawili watatu wanaookota mpaka leo, kwa ustadi ninaouheshimu, na pengine watafaulu hivyo hivyo.

Nimalizie na kifungu cha kahawa, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika.

Mwezi uliopita niliwaletea kifungu juu ya kahawa ya Kilimanjaro: chama cha wakulima cha mwaka 1925, chama cha ushirika cha KNCU cha 1933 kilichofuata, kisha maelezo marefu ya kazi yenyewe, kuchuma, kukoboa, kuvundika, kuosha, kuanika kwenye vichanja. Nilijua nitaona nini, maana kuna jaribio maarufu lililofanyika Marekani mwaka 1988. Recht na Leslie waliwapa wanafunzi 64 kifungu kinachosimulia mchezo wa besiboli, wakawawekea kielelezo cha uwanja na vinyago vya mbao waonyeshe nini kilitokea. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Yaani unachokijua tayari kinasoma pamoja na wewe. Mpe shabiki wa kandanda wa Majengo habari ya mechi kwa Kiingereza, hata kama kimetungwa vibaya, atakueleza mpaka nani alicheza rafu.

Ikawa vile vile. Binti mmoja wa Kibosho, ambaye kwenye ufahamu huwa mkiani tangu Julai, siku hiyo alikuwa mwalimu. Kifungu kilitaja "parchment". Wenye kamusi wakatangaza kwamba ni ngozi ya kuandikia ya zamani, na mvulana wa Masasi, anayejua korosho na si kahawa, akaanza kueleza kwa kujiamini jinsi wakulima walivyoandika hesabu zao kwenye ngozi. Binti akacheka mpaka akaweka kichwa mezani. "Ni ganda! Ukishakoboa na kuosha, punje inabaki na ganda. Hiyo ndiyo unaanika. Bibi anaita kahawa ya ganda." Hakulitafuta popote. Alilikuta neno limesimama mahali pa ganda, basi likawa ganda.

Kisha akanyoosha mkono tena. Nilidhani anataka kwenda nje.

"Mwalimu, aya ya tatu inadanganya."

Darasa likageuka. Nikamwambia asome. Akasoma: "Farmers pick the berries before they turn red."

"Haichumwi mbichi," akasema. "Ukichuma mbichi wanaikataa kule chamani. Inachumwa ikishaiva, ikiwa nyekundu. Hapa pangekuwa 'after'."

Mwenzake wa pembeni akamvuta sketi. "Imeandikwa hivyo," akamnong'oneza. "Jibu kama kilivyoandikwa."

"Imeandikwa, ndiyo. Lakini siyo."

Nikawaambia waendelee na maswali mengine, nikatoka kwenda ofisini kuitafuta nakala niliyochapia. Niliipata chini ya rundo la mitihani ya majaribio. Aya ya tatu, mstari wa pili: "after". Mimi ndiye niliyekosea usiku ule nikichapa, macho yakiwa mazito. Nikarudi darasani, nikachukua chaki, nikawaambia wakate neno moja.

Binti alikuwa ameshalikata.